Komeo la Ndani



Nilikuwa nimeahidi kuendelea wiki hii na maswali ya mirathi ya nyumba za familia, na barua zenu zingali mezani kwangu. Lakini Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tukitoka msikitini, mzee mmoja alinishika mkono akanivuta kando hadi kwenye baraza. Ni mtu mwenye heshima zake mtaani, na ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya fedha zilizojenga bweni la wasichana wanaohifadhi Qur'ani katika madrasa yetu. Maamkizi hayakuwa marefu. "Maalim," aliniambia, "nasikia kamati yenu yataka kung'oa vyuma vya madirisha, eti kwa sababu ya sheria mpya ya majengo. Nyinyi mwajua nilivitia kwa nini. Mukishaving'oa, akiingia mtu usiku kwa wana wa watu, mutajibu nini?"

Sikuwa na jibu la neno moja, na mzee yule hastahili jibu la neno moja. Vyuma vile alivitia kwa ajili ya sitara na amani ya watoto wa kike, na hayo ni makusudio yanayokubalika kisheria na kiakili. Sisi nasi tunaotaka vibadilishwe twafanya hivyo kwa ajili ya roho za watoto wale wale. Basi hapa hakuna mwema na mbaya. Pana kinga mbili, na kinga moja imesimama katika njia ya nyingine. Nimeona niyaandike hapa yale niliyoshindwa kuyasema barazani, kwa kuwa najua si madrasa yetu pekee yenye kadhia hii, wala si mabweni pekee. Wengi wetu usiku huu tutalala nyuma ya vyuma.

Nianze mbali kidogo. Mji wa Kufa, nchini Iraq, ulipoasisiwa mwaka wa 17 wa Hijria, sawa na 638 Miladia, wakazi wake wa mwanzo walikuwa askari waliotoka katika vita vya Uajemi chini ya Sa'ad bin Abi Waqqas (r.a.). Nyumba zao zilikuwa za matete. Khalifa Omar (r.a.) aliipenda hali ya kambi, kwani aliwachelea watu wake kuzama katika anasa za nchi walizozifungua, na nyumba ya matete haimfungi mtu mahali. Kanuni hiyo ilikuwa na hekima yake. Lakini matete ni kuni. Tabari asimulia kwamba moto ulizuka Kufa na Basra, na ule wa Kufa ukawa mkali zaidi. Sa'ad akatuma wajumbe Madina kumwomba Khalifa idhini ya kujenga kwa matofali.

Tazama namna alivyojibu. Hakusema kwamba amri ya kwanza ni amri na haiguswi. Wala hakusema jengeni mtakavyo. Aliwaruhusu matofali, kisha akaweka mipaka: mtu asizidishe vyumba vitatu, wala watu wasishindane kurefusha majengo. Yaani kinga ya moto aliikubali, na ile sababu iliyomfanya aanze na matete, ambayo ni kuwaepusha na fahari, akaihamishia mahali pengine. Wakati wa kupanga mji huo pia zilitajwa njia na upana wake: kubwa dhiraa arubaini, zinazofuata thelathini, kisha ishirini, na vichochoro dhiraa saba. Dhiraa saba ni kiasi cha mita tatu na nusu. Aendaye leo katika vichochoro vya Mji wa Kale Mombasa, au vya Lamu ambako punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, ataona tulivyojibana.

Sasa tuje kwetu. Mzee wangu alisema ni sheria mpya ya majengo. Hapo alikosea kidogo, na wengi wakosea hivyo. Ni kweli kwamba Kenya imepata Kanuni za Kitaifa za Ujenzi zilizochapishwa mwaka 2024 na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Zimechukua nafasi ya zile za 1968 zilizotutawala zaidi ya nusu karne, tangu zama ambazo ghorofa tatu lilikuwa jengo la kutazamwa. Lakini suala la vyuma katika madirisha ya mabweni halikuanza na kanuni hizo. Limo katika mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008. Mwongozo ule wataka bweni liwe na mlango kila mwisho na mlango wa dharura katikati. Milango iwe na upana usiopungua futi tano na ifunguke kwa nje. Isifungwe kwa kufuli wakati wanafunzi wamo ndani. Madirisha yasiwe na vyuma na yafunguke kwa wepesi. Na baina ya kitanda na kitanda iwepo nafasi isiyopungua mita moja na robo hivi. Yote haya yalikuwa yameandikwa miaka mingi kabla ya bweni letu kujengwa. Hatukuyasoma. Hilo ni kosa letu wanakamati, wala halimhusu aliyetoa sadaka yake.

Na mwongozo ule haukuandikwa kwa wino mtupu. Machi 1998, hapa hapa Pwani, bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu liliteketea usiku, na wasichana zaidi ya ishirini wakafa. Machi 2001, katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, walikufa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana vyuma. Ndipo mwongozo ukaja. Na baada ya mwongozo, Septemba 2024, wakafa wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, wakiwa wamelala katika bweni moja na wenzao zaidi ya mia. Mwishoni mwa mwaka huo serikali iliamuru shule za msingi 348 zifunge mabweni yake kwa kutotimiza masharti. Kwa hiyo mtu asiseme kanuni hazipo. Zipo, lakini kila mwenye jengo ana sababu yake ya kuona kwamba hazimhusu yeye. Na sababu hiyo mara nyingi si uchoyo wala uzembe. Ni hofu ya kitu kingine.

Hofu yetu ni mwizi, na mtu mbaya kuliko mwizi. Nani atailaumu? Mzazi wa Garsen au wa Lunga Lunga anapomleta binti yake wa miaka kumi na miwili, swali lake la kwanza si kuhusu moto. Auliza: walala wapi, nani awaangalia, mlango wafungwaje. Nasi tulikuwa tukimwonyesha kwa fahari kufuli kubwa la nje, na ufunguo ulio kwa mama mlezi, na yule mzazi akaenda zake moyo umetulia. Sikumbuki mzazi hata mmoja aliyeuliza mtoto atatokaje.

Mwezi uliopita, usiku mmoja baada ya isha, tulifanya jaribio. Watoto walikuwa likizo, bweni tupu. Mmoja wetu alibaki juu, mwingine akapiga ukelele, na mama mlezi, ambaye hulala chumba cha ng'ambo ya ua, akatoka na funguo. Alikuwa amepewa habari mapema, taa zilikuwa zawaka, hapakuwa na moshi wala kilio cha mtoto. Hata hivyo funguo zilikuwa tisa katika pete moja, na kufuli lilikuwa limeanza kushika kutu kwa hewa ya bahari. Zilipita dakika saba. Magodoro yetu ni ya sponji kama ya watu wote, na sponji ikishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu ambao humwangusha mtu kabla mwali haujamgusa. Dakika saba ni nyingi mno. Yule aliyebaki juu alishuka, akakaa kwenye ngazi, wala hakuzungumza kwa muda.

Nikarudi nyumbani nikafungua vitabu, na nilichokiona kilinishangaza ingawa nilikuwa nimekisoma tangu utotoni. Imepokewa kwamba nyumba moja Madina iliwaunguzia watu wake usiku. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, aliwakumbusha kwamba moto ni adui wa binadamu, akawaamuru wauzime wanapolala. Na katika riwaya ya Jabir (r.a.) iliyomo ndani ya Sahihi, amri za usiku zimekuja pamoja: kufunga milango kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, kufunika vyombo, kuzima taa. Mlango na moto vimetajwa kwa pumzi moja. Hao watu wa Madina waliambiwa wajikinge na aingiaye na wajikinge na kiunguzacho, bila kuambiwa wachague kimoja. Ikanijia: aliyeamrishwa kufunga mlango ule ni nani? Ni aliye ndani. Yeye ndiye anayelala, yeye ndiye anayelitaja jina la Mola wake na kutia komeo, na yeye ndiye mkono wake ulio karibu na komeo akiamka. Kufuli linalotiwa na mtu aliye nje kisha akaenda kulala kwingine, hilo ni jambo jingine kabisa. Nyumba iliyofungwa hivyo yafanana zaidi na ghala.

Wala tusidhani kwamba kufunga mlango ni kinyume cha usalama wa moto. Wazimamoto wa leo washauri tulale na milango ya vyumba imefungwa, kwa kuwa mlango uliofungwa huchelewesha moshi na mwali, na huwapa walio ndani muda wa kutoka kwa njia nyingine. Ila sharti hiyo njia nyingine iwepo.

Kuna faida nyingine katika maneno ya wanavyuoni juu ya hadithi hizi. Imam Nawawi, alipokuwa akiisherehesha Sahihi ya Muslim, alizungumzia taa zinazotundikwa, kama zile za misikitini. Alisema kwamba zikihofiwa kuunguza, zaingia katika amri ya kuzimwa. Na ikiwa hakuna hofu hiyo, kama ilivyo kawaida yake, basi hapana ubaya kuziacha, kwa kuwa ile sababu imeondoka. Hukumu yafuata sababu yake. Nami nikauliza, vyuma vya dirishani sababu yake ni nini? Ni kumzuia wa nje asiingie. Je, sababu hiyo yalazimu kumzuia wa ndani asitoke? Hailazimu. Ni fundi tu aliyezoea kuchomelea fremu ukutani kwa kuwa ndiyo kazi rahisi na bei nafuu. Vyuma vile vile vikitiwa bawaba upande mmoja na komeo la ndani upande wa pili, lisilotaka ufunguo, mahali ambapo mkono wa nje haufiki, vitamzuia mwizi kama jana na vitamfungulia mtoto. Mwongozo wa Wizara ulisema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma kabisa, na afisa wa elimu ana haki ya kuushikilia. Kwa hiyo hilo si suala la kamati kuamua peke yake. Tumemwandikia na tumemwalika aje atazame. Lakini katika nyumba zetu za kuishi hakuna ofisi ya kusubiriwa. Hapo ni wewe na fundi wako.

Nataka niseme jambo ambalo si jepesi. Tarehe 11 Machi 2002, katika mji mtukufu wa Makka, shule ya wasichana ilishika moto na wasichana 15 wakafa, wengi kwa kukanyagana ngazini. Jengo lilikuwa limejaa kupita kiasi, na lango lilikuwa limefungwa kama ilivyokuwa desturi kwa shule za wasichana. Mengi yalisemwa siku zile juu ya nani alimzuia nani pale langoni, na mengine yakakanushwa, nami sitayafukua. Linalojulikana ni kwamba katika mwezi huo huo elimu ya wasichana iliondolewa chini ya idara iliyokuwa ikiisimamia peke yake na kuwekwa chini ya Wizara ya Elimu. Nimelitaja kwa sababu hoja ya sitara ndiyo hoja yetu pia, na ni hoja ninayoiamini. Lakini mafakihi wameafikiana kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na kwamba kuhifadhi nafsi ni katika yale makusudio matano ambayo sheria nzima imesimama juu yake. Binti anayekimbia moto bila mtandio hana dhambi. Wenye jukumu la kujibu ni sisi tuliofunga.

Ndugu zetu wa Saudia walijifunza pia kwa Mina. Aprili 1997 moto ulishika mahema ya mahujaji, upepo ukausukuma, mahema kiasi cha 70,000 yakaungua na mahujaji 343 wakafa. Wako miongoni mwetu waliokuwa Hija mwaka ule. Tangu hapo mahema ya Mina yakafanywa ya kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon, kisichoshika moto kwa urahisi. Yakatiwa mabomba ya kunyunyiza maji, na kupikia gesi ndani ya hema kukakatazwa. Nakumbuka nung'uniko la marehemu mmoja mtaani kwetu kwamba Hija bila chai ya kujipikia si Hija. Tulicheka. Lakini hema limebaki hema: hujaji analala Mina kama sunna ilivyo, na hapana aliyesema ajengewe ghorofa ili asiungue.

Kuna wakati ambapo mgongano hauko baina ya hofu na kanuni, bali baina ya kanuni na kanuni nyingine. Wenye jamaa London wanaikumbuka Grenfell, jengo la ghorofa 24 lililoungua usiku wa Juni 14, 2017, katika mwezi wa Ramadhani, wakafa watu 72, Waislamu wakiwa wengi miongoni mwao. Kuta zake za nje zilikuwa zimevikwa mabamba mapya ili nyumba zihifadhi joto na jengo lipendeze. Mabamba hayo yalikuwa na plastiki ndani, na yaliubeba moto kutoka dirisha moja hadi paa. Kanuni ya uokozi nayo iliwaambia wakazi wabaki ndani ya nyumba zao wakisubiri, kwa dhana kwamba moto haupiti ukuta wa zege. Simu ya kwanza ilipigwa saa sita na dakika hamsini na nne usiku. Agizo la kubaki ndani liliondolewa saa nane na dakika arubaini na saba. Kanuni iliyokuwa sahihi kwa jengo la zamani ilikuwa imeachwa ikitawala jengo lililobadilishwa ngozi. Baadaye Uingereza ilipiga marufuku mabamba yanayowaka katika majengo marefu ya kukaa watu, na mwaka 2022 ikatunga sheria mpya ya usalama wa majengo.

Mgongano wa namna hiyo tunao sisi wenyeji wa miji ya kale. Lamu imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na majengo yaliyotangazwa kuwa kumbukumbu hayaguswi bila idhini chini ya Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006. Twajivunia, na twapaswa kujivunia. Ukuta wa matumbawe na chokaa, unene wake mkono mzima, ni ukuta usioogopa moto. Dari ya boriti za mikoko iliyobebeshwa mawe na chokaa nayo si dhaifu. Vyumba vyembamba vyatokana na urefu wa boriti hizo. Lakini juu ya nyumba nyingi tumeezeka makuti, na makuti ya jirani yamekaribiana na ya jirani hata cheche moja ya Kaskazi yaweza kusafiri paa hadi paa. Chini kuna mitungi ya gesi badala ya seredani, na nyaya za umeme zimefungwa juu ya boriti kwa namna ambayo babu zetu hawakuipangia. Gari la zimamoto halipiti kichochoroni.

Mwenye nyumba akitaka kurekebisha, akutana na milango miwili. Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti kazi ya zimamoto, na kumbukumbu za kitaifa za kale zimebaki mikononi mwa serikali kuu. Afisa wa kwanza amwambia aongeze ngazi ya nje na apanue mlango. Wa pili amwambia ukuta wa mbele na ule mlango wa nakshi visiguswe. Wote wawili wasema kweli, kila mmoja kwa kitabu chake. Mwenye nyumba hurudi akaketi barazani, asifanye lolote, na lolote ndilo linalobaki kuwa hatari.

Mimi si mhandisi, lakini naona njia iko katika namna ya kuandika kanuni. Kanuni yaweza kutaja kitu, ikasema jenga kwa zege, tia mlango wa upana huu. Au yaweza kutaja matokeo, ikasema kila alalaye humu aweze kutoka kwa njia mbili, na ukuta uzuie moto kwa muda fulani. Kanuni ya namna ya kwanza hugombana na nyumba ya Lamu kila siku. Ya namna ya pili huuliza tu: je, ukuta huu wa matumbawe wazuia? Wazuia. Njia ya pili ya kutokea iko wapi? Darini, kwa jirani. Nyumba zetu za kale zilikuwa na wikio, chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba na nyumba, na wanawake walikuwa wakipita humo kutembeleana bila kushuka barabarani. Kilichokuwa njia ya sitara chaweza kuwa njia ya uokozi, iwapo majirani watakubaliana kwa maandishi kwamba mlango ule hautajengewa. Maji nayo yasisubiri gari: birika zilizomo majumbani, pampu ndogo ya kusukumwa kwa mkokoteni, na vijana wa mtaa waliofunzwa. Maafisa hao wawili wakikaa meza moja na mwenye nyumba akiwepo, sidhani kama kikao kitamaliza asubuhi nzima.

Nirudi bwenini, maana ndiko nilikoulizwa. Kamati ilikaa Jumapili. Kufuli la nje limeondolewa na mlango umetiwa komeo la ndani, na mama mlezi amehamia chumba kilicho mkabala wa ngazi. Ngazi ya pili twaihitaji na fedha hatuna. Tulipofika hapo watu walianza kutazama sakafu, hadi mwalimu mmoja wa kike, ambaye huwa hasemi sana vikaoni, akauliza kwa nini watoto walale juu na madarasa yawe chini. Hakuna aliyekuwa na jibu. Ilikuwa hivyo kwa sababu ilijengwa hivyo. Kwa hiyo vitanda vyashushwa chini, ambako kuna milango miwili ya kutokea uani, na madarasa yapanda juu, yatumike mchana watu wakiwa macho, hadi Mwenyezi Mungu atakapotujaalia ngazi ya pili. Ua wenyewe una ukuta mrefu na lango, na mlinzi wa usiku tumemwongezea mwenzake. Nani atalipa mshahara wa mlinzi wa pili? Hilo nalo lilizua maneno, na jibu ni kwamba kila mzazi ataongeza kidogo, na wasioweza tutawabeba.

Vyuma vya madirisha ya chini, wakati tukisubiri jibu la afisa wa elimu, vimeanza kutiwa bawaba. Fundi wa kuchomelea alimaliza dirisha la kwanza Jumanne alasiri. Nilimtumia mzee wangu ujumbe aje aone, nikidhani hatakuja. Alikuja baada ya magharibi, akasimama nje kwanza, akavishika vyuma kwa mikono miwili akavitikisa kwa nguvu zake zote. Havikutikisika. Akapenyeza mkono atafute komeo, mkono haukufika. Kisha akaingia ndani, akaniambia nizime taa. Nikazima. Nikamsikia akipapasa ukutani, akimnong'onea Mola wake, halafu chuma kikalia na hewa ya uani ikaingia. "Rudia," akasema, akafunga tena, akafungua tena.

Wiki ijayo, inshallah, tutarudi kwenye mirathi. Aliyeuliza juu ya nyumba iliyojengwa na ndugu watatu kwenye kiwanja cha mama yao, swali lako ndilo la kwanza.